Stima Inapokatwa, Moto Wake Huzimwa Namna Gani?

Somo letu la mara hii limetokana na kisa tulichokiona kwa macho yetu. Tulikuwa tumekwenda kukitembelea kikundi kimoja cha akina mama chenye kinu cha posho. Ulikuwa msimu wa mvua ya masika na upepo ulikuwa mwingi. Tukiwa ndani tunapitia daftari za hesabu, taa ikazima. Kabla hata hatujatafuta kiberiti, ikawaka. Ikazima tena, ikawaka, ikazima, na mara hiyo ikakaa kimya. Nje watoto wakapiga kelele. Tawi la mgrevilea lilikuwa limeangukia laini ya stima kando ya barabara, na waya mmoja umelala kwenye nyasi.

Kijana mmoja akachukua panga. "Stima imeshakufa," akasema, "wacha nikatoe hilo tawi ndiyo wakija watupate tayari." Hakuna aliyemkataza. Kusema kweli, hata sisi hatukumkataza. Ni mzee mmoja aliyekuwa amekuja na gunia lake la mahindi ndiye aliyepaza sauti: "Wewe kijana wangu, rudi! Hiyo haijafa, imenyamaza tu!" Kijana akasimama. Hajageuka vizuri, waya ukaruka pale chini kama nyoka, ukatoa mwanga wa buluu, nyasi mbichi zikafuka moshi. Alikuwa umbali wa hatua kama ishirini.

Yule mzee, kumbe, alifanya kazi katika vituo vya umeme kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Tulimwomba atueleze ni kitu gani kilichokuwa kikizima na kuwasha ile stima, na kwa nini. Alikubali kwa sharti kwamba tusiandike jina lake. Tuliyoyapata kwake, pamoja na mengine tuliyoyasoma baadaye, ndiyo haya.

Si kama kukata kamba ya mbuzi

Wengi wetu tunadhani kukata stima ni kutenganisha vipande viwili, basi. Kwa swichi ya taa nyumbani, yenye volti 240, ni karibu hivyo. Ukiizima gizani huenda ukaona cheche ndogo ndani yake, halafu kwisha. Lakini mzee alituuliza swali: "Mmeshamwona fundi wa jua kali akichomelea geti? Ile fimbo yake inagusa chuma?" Tukafikiri. Fundi hugusa kwanza, halafu huinua fimbo kidogo, na moto unaendelea kuwaka pale katikati ambapo hakuna kitu ila hewa. Yaani stima inapita hewani. Na mashine ile ya kuchomelea haifiki hata volti 100. Sasa piga picha laini ya volti 132,000 au 220,000, kama zile zinazopita juu ya mashamba yetu kwenye milingoti ya vyuma.

Kifaa kinachokata stima ya nguvu namna hiyo huitwa sakiti breka, au breka tu kwa mafundi. Ndani yake mna viguso viwili vya shaba, kimoja kimetulia na kingine kinatembea. Stima ikiwa inapita, vimeshikana. Ikitakiwa kukatwa, kile kinachotembea huvutwa nyuma kwa nguvu za springi. Hapo ndipo shida inapoanza. Wakati viguso vinaachana, sehemu ya mwisho kugusana huwa ndogo kama ncha ya sindano, na mkondo wote unabanwa kupita hapo. Shaba inayeyuka na kuchemka papo hapo. Ule mvuke wa shaba na gesi iliyo karibu hupata joto kali mpaka chembe zake zinavunjika, elektroni zinatoka na kuzurura ovyo, na gesi ambayo kwa kawaida haipitishi umeme inageuka kuwa waya. Huo ndio ulimi wa moto ambao mafundi huuita aki. Joto lake hupita nyuzi 10,000 za Sentigredi, na katikati linaweza kufika 20,000. Uso wa jua una nyuzi 5,500 hivi. Hakuna chuma duniani kisichoyeyuka katika joto hilo.

Mtu atasema, basi vuta kiguso mbali zaidi. Haitoshi. Kwa volti kubwa ulimi huo unaweza kunyooka hewani mita kadhaa na bado ukaendelea kuwaka. Na wakati wa shoti, breka haikati mkondo mdogo. Mota ya kinu cha posho hutumia ampea makumi machache. Breka za laini kubwa hutengenezwa ziweze kukata ampea 31,500, nyingine 40,000 au zaidi.

Kungojea sifuri

Siri iko hapa, na mzee alitufanya tuirudie mara tatu mpaka tukaishika. Stima ya kwetu haiendi upande mmoja tu. Huenda mbele na kurudi nyuma, mara 50 kwa sekunde. Ndiyo maana ya ile hezi 50 iliyoandikwa kwenye mota na redio. Mtazame mtoto kwenye bembea. Anakwenda mbele, anarudi nyuma, na kila akifika mwisho kuna kitambo kidogo ambapo haendi popote. Mkondo wa stima nao hivyo hivyo: kila unapogeuka, kwa nukta moja unakuwa sifuri. Hutokea mara 100 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 10.

Breka haipigani na mkondo ukiwa katika nguvu zake. Inaungojea ufike sifuri. Wakati huo ulimi wa moto haupati chakula, unafifia wenyewe. Kazi ya breka ni kuhakikisha hauwaki tena.

Na kwa nini usikatwe kwa nguvu kabla ya sifuri? Tulimwuliza hilo kwa sababu lilionekana rahisi. Akatukumbusha mfereji wa maji wenye presha: ukiufunga ghafla, mabomba yanagonga ukutani, pengine yakapasuka. Waya na transfoma zimejaa nguvu za sumaku, na mkondo ukisimamishwa ghafla, nguvu hizo hutafuta pa kwenda. Volti inapanda juu kupita kiasi na kupasua vitu vingine. Kwa hiyo ule moto, ambao sisi tuliuona kuwa adui mtupu, unafanya kazi: unaubeba mkondo salama mpaka sifuri ifike. Jambo hili lilitushangaza kuliko yote tuliyojifunza siku ile.

Baada ya sifuri kuna mashindano. Upande mmoja, gesi iliyo kati ya viguso inapoa na kurudia hali yake ya kuzuia umeme. Upande wa pili, volti ya laini inarudi kati ya viguso kwa kasi mno, kwa muda wa maikrosekunde tu, na mara nyingi inaruka juu kupita kiwango chake cha kawaida, karibu mara mbili, kabla ya kutulia. Gesi ikishinda, stima imekatwa. Volti ikishinda, ulimi unawaka upya na breka inabidi ingojee sifuri nyingine, milisekunde 10 zaidi. Mwinjinia wa Marekani aitwaye Joseph Slepian aliyaeleza mashindano haya mwaka 1928, na mpaka leo mafundi hufikiri kwa njia hiyo. Breka haina nafasi nyingi. Ikishindwa mara mbili tatu, joto linaweza kuiharibu yenyewe.

Kutoka mafuta mpaka gesi

Breka za zamani ziliwekwa viguso ndani ya mafuta, jamii ya yale ya transfoma. Mtu asiyejua atashtuka: moto ndani ya mafuta? Lakini humo ndani hakuna hewa ya kuyachoma. Ulimi wa moto huyavunja mafuta yakatoa povu la gesi, nyingi yake ikiwa haidrojeni. Haidrojeni huondoa joto haraka kuliko gesi nyingine, na povu hilo likibanwa vizuri hupuliza moto na kuupoza. Ilikuwa mbinu nzuri, na bado kuna mahali inatumika. Ubaya wake ni kwamba mafuta huchafuka kwa masizi kila breka inapokata shoti, na yasipobadilishwa breka hushindwa kazi. Tangi likipasuka hapo, gesi inakutana na hewa, na moto wake si wa kuzima kwa ndoo.

Nyingine zilitumia hewa iliyoshindiliwa kwa presha ya juu. Kiguso kikifunguka, hewa inapigwa kwenye moto kama mtu anavyopuliza mshumaa. Mzee alisema mlio wake ulikuwa kama bunduki. "Ukiwa mgeni kituoni unalala chini," akacheka. Kasoro yake ni mashine za kushindilia hewa, ambazo zataka kutunzwa usiku na mchana.

Siku hizi laini kubwa nyingi zinatumia gesi iitwayo salfa heksafloraidi, kwa kifupi SF6. Wafaransa wawili, Henri Moissan na Paul Lebeau, waliitengeneza mwaka 1900, lakini iliingia kwenye breka miaka ya 1950. Haina rangi wala harufu, haishiki moto, na ni nzito karibu mara tano kuliko hewa. Uzuri wake kwa kazi hii ni kwamba inapenda elektroni. Zile elektroni zinazozurura, ambazo ndizo zinazoifanya gesi ipitishe umeme, SF6 huzidaka na kuzishika. Elektroni iliyodakwa hivyo inakuwa kama mbio za mtu aliyebebeshwa gunia. Tena chembe za gesi hiyo zikivunjwa na joto, nyingi hujiunga upya zikipoa, basi gesi ile ile hutumika miaka na miaka.

Inavyopulizwa ni kama pampu ya baiskeli. Kiguso kinachotembea kimefungwa pamoja na silinda. Kikivutwa nyuma, silinda inaishindilia gesi, nayo inatokea kwenye mdomo mwembamba wa Teflon uliouzunguka ule ulimi wa moto. Sasa angalia hekima iliyomo. Mkondo ukiwa mkubwa, moto huwa mnene na kuuziba mdomo, kwa hiyo gesi haitoki bali presha inaongezeka ndani. Mkondo ukishuka kuelekea sifuri, moto unakonda, mdomo unafunguka, na gesi yote inapita kwa nguvu wakati ule ule inapohitajiwa. Hakuna mtu anayeiambia saa ya kupuliza. Moto wenyewe ndio unaofungua mlango wa kuzimwa kwake.

Lakini hakuna kizuri kisicho na kasoro. Kilo moja ya SF6 ikivuja angani huleta joto la dunia kama zaidi ya kilo 23,000 za kaboni dioksaidi, nayo hukaa huko miaka mingi mno. Ndiyo maana iliwekwa katika orodha ya gesi za kudhibitiwa kwenye mkataba wa Kyoto wa mwaka 1997, na mwaka 2024 nchi za Umoja wa Ulaya zilipitisha sheria ya kuiondoa hatua kwa hatua katika vifaa vipya vya umeme. Tena kwa vile ni nzito, ikivuja hukaa mashimoni na kwenye mitaro ya nyaya, na fundi anayeshuka humo anaweza kukosa pumzi bila kunusa chochote. Na ule unga mweupe unaobaki ndani ya breka iliyokata shoti nyingi ni sumu. Vijana wanaonunua vyuma kuukuu wafahamu hilo kabla ya kupasua kifaa wasichokijua.

Kwa laini za kilovolti 11 na 33, ambazo ndizo zinazofika vijijini kwetu, breka nyingi mpya ni za ombwe. Viguso viko ndani ya chupa iliyofungwa ambamo hewa karibu yote imenyonywa. Hakuna gesi ya kuvunjika, kuna mvuke wa shaba na kromiamu tu uliotoka kwenye viguso vyenyewe. Sifuri ikifika, mvuke huo hutawanyika na kuganda kwa muda mfupi mno. Viguso havihitaji kuachana hata sentimita mbili. Sisi tunaona hii ndiyo njia safi kuliko zote, ila kwa volti kubwa sana bado si rahisi kuitengeneza, ingawa kazi inaendelea.

Breka haina macho

Breka yenyewe haijui kama kuna shoti. Kinachoona ni rilei, ambayo hupima mkondo na kutoa amri. Kutoka shoti kutokea mpaka kukatwa, kwenye laini kubwa, huchukua sehemu moja ya kumi ya sekunde au chini ya hapo. Amri hiyo hutoka kwa nguvu za betri zilizo kituoni, kwa sababu huwezi kutegemea stima ile ile ambayo ndiyo imeharibika. Betri zikifa au zikiibwa, breka inasimama pale kama mlinzi aliyefungwa mikono.

Wasomaji wengi watakumbuka tarehe 7 Juni 2016, wakati Kenya nzima ilikosa stima kwa saa kadhaa. Kampuni ya KenGen ilieleza kwamba tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru, akaangukia transfoma, ikajikata. Mashine nyingine za hapo zikalemewa na mzigo, nazo zikajikata, na zaidi ya megawati 180 zikapotea mara moja. Tumbili mwenyewe alipona akachukuliwa na shirika la wanyama pori. Watu walicheka sana. Lakini mashine kujikata si ubovu. Mashine iliyolemewa isipojikata inaungua, na kuinunua nyingine si mchezo wa siku mbili. Giza la saa chache ndilo bei nafuu.

Kuna stima moja nchini ambayo haina sifuri ya kungojea. Ni ile inayotoka Ethiopia, Wolayta Sodo, mpaka Suswa, kilomita zaidi ya 1,000 kwa kilovolti 500, iliyoanza kuuzwa Kenya Novemba 2022. Hiyo husafiri kwa mkondo wa upande mmoja, kama wa betri. Shoti ikitokea njiani, haikatwi kwa breka ya namna tuliyoeleza. Mitambo ya kubadilisha umeme iliyo kwenye ncha zake huuzuia mkondo, na breka za kawaida ziko upande wa pili wa mitambo, mahali ambapo mkondo unakwenda na kurudi.

Kwa nini taa ilizima na kuwaka

Sasa turudi kwenye kinu. Shoti nyingi za laini za juu ni za kupita: tawi linagusa na kuanguka, ndege anaungua, radi inapiga. Moto ukishakatwa na hewa ikapoa, laini ni nzima tena. Kwa hiyo breka nyingi za laini zimepangwa zijaribu zenyewe. Zinakata, zinangoja kidogo, zinawasha. Shoti ikiwa bado ipo zinakata tena, na baada ya majaribio machache zinajifunga mpaka fundi aje. Kati ya jaribio na jaribio inaweza kuwa chini ya sekunde, au inaweza kuwa nusu dakika na zaidi. Kijana wetu aliyechukua panga alikuwa anatembea ndani ya hiyo nusu dakika. Na hata breka ikishajifunga, mtu aliye kituoni, maili nyingi kutoka hapo, anaweza kujaribu kuwasha kwa mkono bila kujua kuna waya chini.

Kuna jambo baya zaidi, nalo mzee alilisema polepole. Waya ukianguka juu ya murram kavu, mchanga au lami, mkondo unaoingia ardhini unaweza kuwa mdogo mno hata rilei isiuone. Breka haikati kabisa. Waya unalala hapo, hautoi cheche, hauimbi, na una volti 11,000. Kwa hiyo ukimya si dalili. Kaeni mbali angalau mita 10, wekeni watu pande zote mbili za njia kuzuia watoto na ng'ombe, na mpigie simu kampuni ya umeme. Ukijikuta tayari uko karibu na waya, usikimbie, maana ardhi yenyewe ina volti na mguu mmoja ukiwa mbali na mwingine stima inapanda huu na kushuka ule. Bana miguu pamoja, uburute viatu kidogo kidogo bila kuinua, mpaka utoke.

Akina mama nao walikuwa na swali lao. Kwenye nguzo ya transfoma yao kuna vile vijiti vitatu vinavyoning'inia kikipasuka kimoja. Vijana hapo kijijini wamezoea kuvisukuma juu kwa mti mrefu, na mara moja walifunga waya mnene ndani "ndiyo isisumbue". Mzee alishika kichwa. Kile kijiti ni fyuzi. Ndani ya bomba lake kuna uzi mwembamba, na bomba limetandikwa kitu ambacho kikichomwa na ulimi wa moto hutoa gesi, gesi hiyo inapuliza moto kutoka nje, kisha bomba linaanguka wazi ili fundi alione. Ni breka ndogo ya maskini. Ukiweka waya mnene umeua kazi yake, na transfoma itaungua kabla uzi haujakatika. Na anayeisukuma juu kwa mti huku shoti bado iko, moto huo unatokea juu ya kichwa chake, na mti uliolowa mvua unaleta volti 11,000 mikononi.

Kikundi kilipiga simu jioni ile ile. Mafundi walifika siku ya tatu, na mahindi ya watu yalibaki kwenye magunia siku zote hizo. Kabla ya kugusa chochote walikata laini, wakaipima, kisha wakafunga waya wa kuipeleka ardhini pande zote mbili za mahali pa kazi. Yule kijana wa panga ndiye waliyempa kazi ya kukata matawi.